Wabaptisti weusi kujitenga

SWALI: Mhariri shikamoo, mbona Wabaptisti weusi Marekani wana makanisa yao, si zamani walisali pamoja na mabwana zao?

JIBU: Marahaba. Pamoja kwa jina tu, weusi walipangiwa viti vya roshani, kando na wazungu, na mahubiri ni yale yale ya watumwa tiini mabwana zenu. Hata kanisa la First African Baptist la Richmond, jimbo la Virginia, waumini weusi tupu toka 1841, mchungaji alikuwa mzungu Robert Ryland, maana baada ya uasi wa watumwa ulioongozwa na Nat Turner 1831 sheria ya Virginia ilikataza mweusi kuhubiri. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoisha 1865, utumwa ukakoma, Ryland akajiuzulu, baadaye akashika James Holmes, aliyezaliwa mtumwa. Na Wabaptisti hawana askofu wa kuombwa ruhusa, waumini wakikubaliana basi kanisa limeanza! Shule nazo zikaanzia humo humo, chuo cha weusi cha Morehouse kilianza 1867 chumba cha chini cha kanisa la Springfield Baptist, Augusta, jimbo la Georgia.