Kumruhusu kijana atoke na poni peke yake: tulivyofanya sisi

Mzazi mwenzangu, umeeleza kwamba kijana wako ana miaka 14, amekuwa akipanda farasi tangu akiwa na miaka 8, poni wake (farasi wa kimo kifupi) ni mtulivu uwanjani, na sasa anakusihi umruhusu atoke bila mtu mzima kumfuata. Ukauliza umri unaofaa ni upi. Nimelipitia jambo hilo na binti yangu, na kwa kweli umri ndio niliouangalia mwisho. Maswali yaliyoninyima usingizi yalikuwa mawili: poni huyu akiwa mbali na wenzake, ana tabia gani? Na mambo yakiharibika huko njiani, nani atajua, na baada ya muda gani?

Nianze na poni, kwa sababu wazazi wengi hulipita swali hilo haraka. Watu hudhani kwamba mnyama wa kimo kifupi, asiyezidi sentimita 148 mabegani, ni salama zaidi kuliko farasi mkubwa. Si lazima. Farasi wa kimo chochote ni mnyama wa kundi, na kinga yake ya kwanza ni kukimbia. Anayetulia uwanjani huenda ametulia kwa sababu tu anawaona wenzake ng'ambo ya ua. Wetu alikuwa mpole kama kondoo, lakini siku ya kwanza alipofika kwenye kona ambayo banda halionekani tena, alisimama ghafla, akainua shingo, akalia kwa sauti iliyomtikisa mbavu kiasi kwamba binti yangu aliuhisi mtikisiko mapajani, kisha akaanza kugeuka kurudi alikotoka. Nilikuwa kando yake kwa miguu, kwa hiyo halikutokea baya, ila nilielewa kwamba miaka yote ile ya mazoezi haikuwa imemfundisha poni kuwa peke yake.

Tulitumia majuma kadhaa kumzoeza. Kwanza nilitembea ubavuni pake, baadaye nikabaki nyuma kiasi cha hatua hamsini, baadaye nikawasubiri katikati ya njia, mpaka nikawa nawasubiri mwisho wake tu. Kipimo changu kilikuwa kimoja: aondoke bandani kwa hatua za kawaida bila kusukumwa, na arudi kwa hatua zilezile bila kuvuta hatamu. Poni anayeondoka kwa kuburutwa na kurudi kwa pupa hajawa tayari, hata mpandaji awe hodari namna gani. Kwa sababu hiyo tulichagua njia ya mzunguko badala ya kwenda na kurudi palepale, na tukakubaliana kwamba hakuna kwenda shoti uso ukielekea nyumbani, hata mara moja, kwa kuwa mnyama huyu hujifunza jambo la namna hiyo siku ileile.

Kijana naye ajue mnyama wake anaona nini. Macho ya farasi yako pembeni mwa kichwa, naye huona karibu pande zote, isipokuwa sehemu ndogo mbele ya paji la uso na nyuma kabisa ya mkia. Ndiyo maana baiskeli inayokuja kimya kutoka nyuma humtisha kuliko lori analoliona likija kutoka mbali. Binti yangu alijifunza kugeuka kila baada ya muda kuangalia nyuma, na kumsalimu kwa sauti mwendesha baiskeli ili poni asikie sauti ya mtu kabla ya kukiona hicho kitu. Masikio ni ya kusomwa kila wakati: yote mawili yakielekea mahali pamoja, shingo ikakakamaa na hatua zikafupika, kuna jambo limeonwa ambalo mpandaji hajaliona.

Upande wa kijana, sikumpima kwa kuruka viunzi. Nilimpima kwa mambo yasiyopigiwa makofi. Je, anaweza kuruka chini upesi poni akiwa anatembea? Je, anaweza kupanda tena akitumia jiwe au ukuta mfupi bila mtu wa kumshikia? Je, atakubali kushuka na kumwongoza kwa miguu anapoona mashine inayonguruma mbele, au ataona ni aibu? Nilikuwa nikimwita ghafla, “Shuka!”, naye ashuke, mpaka akachoka nami. Alijifunza pia kumpunguza poni anayekimbia kwa kumwingiza kwenye mduara unaopungua taratibu, mahali penye nafasi tu, kwa maana ukimgeuza kwa nguvu akiwa na kasi anaweza kuanguka nawe. Na mshipi wa tandiko aukaze tena baada ya dakika kumi hivi, kwa kuwa poni wengi hutunisha tumbo wakati wa kufungwa tandiko na baadaye tandiko linalegea.

Vifaa sitavirefusha. Kofia ngumu inayokaa sawasawa, na ikipata pigo kubwa ibadilishwe hata kama haina ufa unaoonekana. Viatu vyenye kisigino na soli isiyo na meno makubwa, na vikuku vya tandiko, vile vya kukanyagia, viwe vipana kiasi cha mguu kuchomoka kwa urahisi. Fulana ya rangi kali yenye vipande vinavyoakisi mwanga, hata mchana. Hatamu zisizungushwe mkononi kamwe. Akianguka, amwachie poni aende.

Hapo ndipo nilipokosea mimi. Tulikuwa tumempa simu, naye aliiweka kwenye mkoba mdogo uliofungwa kwenye tandiko, nami niliona ni pazuri kabisa. Safari ya nne au ya tano alichelewa. Nilipiga simu nikiwa langoni, na nikaisikia ikiita njiani, ikikaribia. Nikafurahi. Kisha poni akatokea kwenye kona, hatamu zinaning'inia, tandiko tupu. Nilimkuta binti yangu akija kwa miguu, amechubuka kiwiko tu, amekasirika kuliko kuumia: ndege alikuwa ameruka kutoka kichakani. Tangu siku hiyo simu hukaa mwilini mwake, kwenye mfuko wenye zipu, na poni huvaa kibati chenye namba yetu ya simu, maana anayemkamata mnyama aliyepotea hana njia nyingine ya kujua kwamba kuna mtoto anayepaswa kutafutwa.

Jambo hilo ndilo lililotufanya tuandike saa mbili tofauti kwenye karatasi ya mlangoni: saa ya kurudi, na saa ya kuanza kumtafuta. Farasi anayetembea huenda kiasi cha kilomita 6 kwa saa, kwa hiyo mzunguko wa kilomita 5 kwa hatua za kawaida ni kama dakika 50. Tukaongeza dakika 20 za kusimama na kukaza mshipi, na zikipita hizo mtu anatoka kumfuata kwa njia ileile iliyoandikwa. Akitaka kubadilisha njia, anapiga simu kwanza. Upepo mkali ukivuma, au poni akiwa amefungiwa siku mbili bila kutolewa, hakuna safari, na hapo sikubali mjadala. Akianguka na kugonga kichwa, hapandi tena siku hiyo hata ajisikie mzima. Anakaa, anapiga simu, anasubiri.

Barabara ya magari tuliiacha kabisa mwaka wa kwanza. Mwongozo wa barabarani wa Uingereza huwataka madereva wapunguze mwendo hadi maili 10 kwa saa na waache angalau mita 2 wanapompita farasi, lakini hata penye kanuni kama hiyo, kijana apande akidhani dereva anayekuja hajawahi kumwona farasi.

Umeuliza pia kama umfuate kwa siri kwa gari. Mimi nilijaribu mara moja, nikaegesha nyuma ya miti. Poni aliutambua mngurumo wa gari linaloleta chakula chake kila jioni, akasimama, akalia, akageuka kabisa kunitazama, na binti yangu naye akageuka. Hakusema neno hadi usiku. Kama huwezi kukaa nyumbani, kaa mwisho wa njia mliyokubaliana, na umwambie kabla hajatoka kwamba utakuwa hapo.