Kabla ya kuuliza programu, jifunze kusoma saa: kwa mwanafunzi anayekwenda kitengo cha matukio ya mtandao serikalini

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyepata nafasi ya mafunzo kwa vitendo katika kitengo cha serikali kinachoshughulikia matukio ya usalama wa mtandao. Aliuliza jambo moja tu: ajifunze programu gani kabla ya kuripoti. Swali hilo ndilo nililokuwa nalo nilipokuwa na umri wake, na kwa kuwa najua wengi mnaonisoma mnaitamani nafasi kama hiyo, nimeona nimjibu hapa kwa urefu.

Miezi ya fomu, upekuzi na kiapo cha kutunza siri nitairuka, kwani haina la kusimulia zaidi ya kukuhimiza uombe mapema. Niliingia ofisini nikiwa nimesoma mengi. Nilijua habari za programu ya Morris iliyojisambaza yenyewe Novemba 1988 na kusababisha kuundwa kwa CERT, kituo cha kushughulikia dharura za kompyuta, katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon. Nilijua pia kwamba WannaCry ya Mei 2017, programu iliyofunga mafaili ya watu na kudai fidia, ilipenya kupitia dosari ambayo Microsoft ilikuwa imekwisha kuitolea kiraka, yaani marekebisho ya kuiziba, mwezi Machi. Nilitarajia kukabidhiwa virusi nivichambue, lakini nilikabidhiwa jedwali tupu na kuambiwa nipange matukio kwa mfuatano wa saa.

Akaunti ya karani mmoja ilikuwa imetumika kuingia kutoka nje na kunakili mafaili. Nilikusanya logi, yaani kumbukumbu ambazo mashine hujiandikia za kila kinachotendeka, za seva ya VPN (njia ya kuingia mtandao wa ofisi ukiwa nje), za fayawoli (kizuizi kinacholinda mtandao) na za kompyuta ya karani huyo, nikazipanga kwa siku mbili bila kuinua kichwa. Mstari uliobeba uzito wote ulionyesha kuingia saa 16:10:42, yaani saa kumi na dakika kumi alasiri, wakati karani alikuwa bado yuko mezani pake, jambo lililomfanya ashukiwe. Niliupaka rangi ya njano ili msimamizi asiupite.

Kesho yake karani aliitwa ahojiwe, nami nikakaa pembeni nikiandika. Alikuwa mtu mzima wa rika la baba yangu. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa, akaivua tena, huku akirudia kwamba saa hiyo alikuwa akifunga hesabu za mwezi na hajui akaunti yake iliingiaje kutoka nje. Hakuna aliyemjibu.

Jioni ile, nikilinganisha jedwali langu na logi zenyewe, niliona kwamba baada ya tarakimu 42 palikuwa na herufi Z. Katika kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe na saa, ISO 8601, herufi hiyo humaanisha saa za UTC, yaani saa za marejeo za dunia nzima, na saa za ofisi yetu zilikuwa mbele kwa saa tatu. Kompyuta ya karani iliandika kwa saa za ofisi, seva ya VPN iliandika kwa UTC, nami nilizichanganya katika safu moja. Akaunti iliingia saa moja na dakika kumi usiku, wakati mwenyewe alikuwa ameondoka kwa zaidi ya saa mbili. Kinachoniuma ni kwamba RFC 3227, mwongozo wa Februari 2002 wa kukusanya ushahidi wa kompyuta, nilikuwa nimeukariri, hasa pale unapoagiza kukusanya kwanza kinachopotea haraka, kama vilivyomo kwenye RAM (kumbukumbu inayofutika kompyuta ikizimwa), kabla ya kugusa diski. Mwongozo huohuo unaagiza kwamba kila saa unayoiandika uieleze kama ni ya UTC au ya mahali. Niliupita mstari huo kwa sababu haukunisisimua.

Sikusema usiku ule, wala asubuhi. Nilipomwendea msimamizi ilikuwa saa sita mchana, na swali lake lilikuwa moja: "Umelijua hili tangu lini?" Nikamjibu kwamba tangu jana jioni. Alinitazama, kisha akachukua simu. Mtumishi mmoja alisema mbele yangu kwamba ndiyo maana wanafunzi hawapewi kazi za watu wazima, na maneno hayo sijayasahau mpaka leo.

Saa ziliposahihishwa, uchunguzi ulirudi nyuma na kukuta barua pepe ya ulaghai ambayo karani aliifungua siku mbili kabla na kuandika humo nywila yake. Nilimfuata kumwomba radhi. Alisema, "Nimesikia, mwanangu," akarudi kwenye karatasi zake. Tukio lililofuata nilipewa tena jedwali, na naona fahari kusema kwamba safari hii halikurudishwa hata mara moja.

Ndugu yangu mwanafunzi, serikalini logi unayoisoma ni ya mtu mwenye ajira, familia na heshima yake. Andika kila unachokifanya, saa uliyokifanya, na saa hiyo ni ya wapi. Ukikosea, sema dakika ileile, kwani kosa langu la saa lilisahihishwa kwa kalamu, lakini ukimya wangu ulimwongezea mtu usiku mzima wa kutuhumiwa. Andika, nasema tena, hata kile unachokiona kidogo. Na taarifa iliyowekwa TLP:RED, alama ya siri kali kuliko zote katika utaratibu wa kugawiana taarifa za usalama wa mtandao, ni ya waliokuwa katika kikao ilikotolewa tu, hivyo usiipige picha wala kumsimulia rafiki wa chumbani ili aone umefika wapi.

Kuhusu programu, nimemjibu kwamba afungue logi za Windows za kompyuta yake mwenyewe, atafute tukio namba 4625, ambalo ni kujaribu kuingia na kushindwa, alifuatishe na namba 4624, ambalo ni kuingia na kufaulu, kisha aandike kwa mkono kila tukio kwa saa za mahali na kwa UTC. Ameniahidi kunitumia ukurasa wa kwanza Ijumaa.