Kabla hujasajili domeini ya mteja, nisikilize

Wiki iliyopita nilipita ofisini kwa kijana mmoja mtengeneza tovuti pale Ntinda, Kampala, kijana hodari, kazi yake safi kuliko yangu. Nikamkuta anasajili domeini ya mteja, yaani jina ambalo watu huandika kufungua tovuti. Kwenye nafasi ya mmiliki ameandika jina lake, imeili yake, namba yake. Nikamuuliza kulikoni. "Kaka, mteja mwenyewe hajui mambo haya, nitamsumbua bure." Nikanyamaza, maana maneno hayo hayo niliwahi kuyasema mimi. Wadogo zangu, sogeeni.

1. Mteja asitegemee mitandao ya kijamii peke yake. Atakwambia Facebook inamtosha. Walioniambia hivyo walinitafuta wenyewe Januari 2021, Facebook ilipofungwa nchini Uganda siku za uchaguzi. Mmoja, muuza vitambaa wa soko la Kikuubo, alitaka tovuti iwe hewani "kesho asubuhi". Intaneti yenyewe imezimwa nchi nzima, sasa hiyo kesho ningeitoa wapi?

2. Domeini iwe kwa jina la mteja. Hapa nitakaa kidogo.

Mwaka 2017 nilimtengenezea Hajati mmoja tovuti ya nyumba yake ya wageni, Entebbe. Vyumba vinane, bustani nzuri, na imeili ya kupokelea wageni chini ya domeini ile ile. Niliisajili kwa imeili yangu ya Yahoo ya tangu chuo. Mwaka uliofuata nilikuwa nimeshahamia Gmail, ile ya zamani siifungui tena. Onyo la kulipia domeini upya, mwezi mmoja kabla ya muda kwisha, likaenda huko. La wiki moja likaenda huko. Hata lile la kwamba muda umekwisha likaenda huko huko.

Domeini ilikufa katikati ya Machi, mvua zimeanza. Hajati alipoona hakuna mgeni anayeandika, akasema ni msimu. Wiki ya kwanza mvua, ya tatu mvua. Ya nne akampumzisha mpishi. Mpishi yule ndiye aliyekuwa akinichagulia kipande kinono cha sato kila nilipokwenda kubadilisha picha.

Mwisho wa Aprili, saa tano usiku, mgeni wa zamani akampigia Hajati simu kutoka uwanja wa ndege: ameandika mara tatu, barua zote zimerudi, na tovuti imejaa matangazo ya watu wengine. Hajati akanipigia. Na aibu yangu iko hapa hasa. Nikamwambia, "Ni netiweki, Hajati, inasumbua mji mzima." Akanijibu, "Haya mwanangu, pole na kazi." Mimi ndiye niliyepewa pole!

Nilifungua kompyuta jasho linanitoka. Muda wa kulipia kwa bei ya kawaida ulikuwa umepita, domeini imeingia kwenye zile siku 30 za ukombozi. Mnazijua: unalipa ada pamoja na faini inayozidi bei ya mwaka mara kadhaa, na ukizembea hapo, zinabaki siku 5 kabla jina halijaachwa liokotwe na yeyote. Nilikopa SACCO. Siku ya tatu nikapanda taksi hadi Entebbe nikasema ukweli wote, nikiwa nimeinamisha kichwa. Hajati aliniacha nimalize, kisha akauliza swali moja tu: "Na mpishi nimwambie nini?"

Mpishi alikuwa ameshapata kazi Jinja. Hakurudi.

3. Namba ya kiungo cha WhatsApp ianze na 256 ya Uganda, bila sifuri na bila alama ya kujumlisha. Mkiniuliza hili tena nitalia.

4. Punguzeni uzito wa picha. Anayefungua tovuti anahesabu MB zake.

5. Bekapu, ile nakala ya akiba, isilale kwenye seva moja na tovuti. Na plagini, vile viprogramu vya nyongeza vya tovuti, usiziguse Ijumaa jioni kama Jumamosi una kwanjula, sherehe ya utambulisho wa wachumba.

6. Pini ya ramani ya Google iweke mwenyewe, umesimama mlangoni mwa duka. Boda hatafuti sanduku la posta.

7. Takwimu zisomeni kwa akili. Ukiona wageni wengi wa tovuti wanatoka Uholanzi, usikimbilie kumpongeza mteja. Tangu Facebook ifungwe watu wengi wanatembea na VPN, programu inayomfanya mtu aonekane yuko nchi nyingine, na huyo Mholanzi wako huenda yuko Wandegeya, hapa hapa Kampala, anasubiri rolex yake, ile chapati ya mayai, igeuzwe. Mwenzangu mmoja alimshauri mteja, fundi viatu, aweke bei kwa yuro. Simu ya kwanza iliyoingia ilikuwa ya Kawempe, mtu anauliza hiyo yuro ni shilingi ngapi na kama inapungua.

Hajati bado ni mteja wangu. Domeini iko kwa jina lake, imeili ni ya binti yake, malipo yanajiendesha yenyewe. Hata hivyo, kila Machi ananitumia ujumbe wa sauti: "Mwanangu, jina langu lipo?" Namtumia risiti. Anasikiliza maelezo yangu yote, kisha anasema, "Tuma na ya mwaka jana."