Jibu: Mchoro wa mkato wa Usambara, Tanga hadi Lushoto

Ndugu, mchoro wako wa mkato (ardhi ikitazamwa ubavuni kana kwamba imekatwa kwa kisu) unaonyesha milima ya Usambara, mkoani Tanga, kama mlima mmoja wenye kilele, mfano wa Kilimanjaro. Hapo ndipo ulipokosea. Kilimanjaro ni volkano. Usambara ni miamba metamofiki (iliyobadilishwa na joto na mgandamizo) ya kale sana iliyoinuliwa kwenye nyufa za ardhi, ndiyo maana kingo zake ni kama ukuta na juu kuna vilima na mabonde.

Pitisha mstari Tanga, Muheza, Amani, Lushoto. Mlalo tumia sentimita 1 kwa kilomita 5, wima sentimita 1 kwa mita 250. Wima itakuwa imekuzwa mara 20, uandike hivyo pembeni. Amani weka kwenye mita 900 hivi, Lushoto 1,400. Katikati usisahau bonde la Lwengera, linalotenganisha Usambara Mashariki na Magharibi, wengi hulifukia.

Misitu minene ichore upande unaopokea pepo za Bahari ya Hindi. Nyuma, kuelekea Mkomazi, ni nyika kavu.

Ukienda kuhakiki Amani, ni hifadhi: lipia kibali, chukua mwongozaji. Masika njia huteleza vibaya.