Kabla hujasema albamu haina kichwa wala miguu

Vijana wenzangu wa Mbeya tunaopenda roki, tunatoa maoni haraka mno. Nasema hivyo kwa sababu kosa hilo nimelifanya mwenyewe.

Ilikuwa Julai, baridi ya Uyole imekaza. Mwalimu mmoja wa kwaya alinitilia kwenye flashi albamu ya Camel, bendi ya Uingereza, iitwayo The Snow Goose, ya mwaka 1975. Nikaihamishia kwenye simu, nikaisikiliza huku napika, na kesho yake nikamwambia, "Mwalimu, vyombo vinapigwa vizuri, lakini haina kichwa wala miguu." Hakukasirika. Aliniuliza tu, "Ulianza na wimbo upi?"

Sikuwa na jibu. Simu yangu ilikuwa inachanganya nyimbo yenyewe.

"Basi hujaisikiliza, mdogo wangu. Karudie."

Albamu ile haina mashairi. Ni hadithi inayosimuliwa kwa vyombo, kutoka kitabu cha Paul Gallico: mchoraji mpweke, Rhayader, anaishi kwenye mnara wa taa ulioachwa kando ya vinamasi vya Essex, Uingereza. Binti mdogo, Fritha, anamletea bata bukini mweupe aliyejeruhiwa kwa risasi, na kwa ajili ya ndege yule wawili hao wanazoeana. Mwaka 1940, wakati wa Vita Kuu ya Pili, Rhayader anachukua mashua kwenda Dunkirk, pwani ya Ufaransa, kuokoa wanajeshi, na harudi. Vipande ni 16, vinapokezana kwa dakika zipatazo 43. Kinamasi kinachofungua albamu ndicho kinachoifunga. Ukivuruga mpangilio huo, mtu anakufa kabla hujakutana naye.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: zima kitufe cha kuchanganya nyimbo, weka simu mbali, sikiliza mwanzo hadi mwisho. Pakua kabisa, usitegemee bando, maana tangazo likiingia katikati limeshakata uzi.

Halafu sabufa. Sisi tumezoea besi itikise vikombe kabatini, na hilo kwa Bongo Fleva halina neno. Hapa punguza. Kwenye kipande cha Rhayader kuna filimbi ya Andy Latimer, nyepesi, inarukaruka, na nyuma yake vinanda vya Peter Bardens. Nilipopunguza besi ndipo nikaisikia filimbi inavyovuta pumzi kabla ya kurudia ule mzunguko wake. Kipande kinachofuata, Rhayader anakwenda mjini, gitaa linachukua nafasi na mwendo unakuwa mzito. Yule mtu mpole wa mnarani ameingia kati ya watu. Sikuambiwa na yeyote, niliona mwenyewe mara ya tatu.

Usitoe hukumu kabla ya mara hiyo ya tatu. Na ukitoa, onyesha mahali. "Inachosha" haimsaidii msikilizaji mwenzako. Sema kipande gani kimekuchosha na kwa nini. Mimi naona vile vipande vifupi vya katikati vinaondoka kabla havijakaa moyoni, na mwalimu hakubaliani nami hata kidogo. Anasema ufupi wao ndio unaokipa kipande cha Dunkirk nafasi ya kujijenga taratibu hadi kinajaa. Tumebishana juu ya hilo tangu Julai hadi mvua zikaanza, na kila tukibishana narudi kusikiliza.

Mwisho, sikiliza na mtu ambaye si wa roki. Rafiki yangu aliyekulia Mbarali, wilaya yenye kinamasi cha Ihefu, alikuja nyumbani jioni moja, nikamwekea bila kumweleza lolote. Kipande cha kwanza kilipoanza, vinanda vikitanda polepole, alinyamaza na kuweka kikombe chini. Kisha akasema, "Hii ni Ihefu alfajiri, ndege hawajaruka bado." Jina la kipande kile ni The Great Marsh, yaani kinamasi kikubwa, naye hakuwa amelisikia.