Neno junban kwa anayeanza Kijapani

Wanafunzi wengi wa Kijapani katika nchi zetu hutumia kamusi za Kiingereza, na hapo ndipo neno junban (順番) linapoanza kuwasumbua. Kiingereza kina neno moja, "order", linalobeba amri ya mkubwa, oda ya chakula, amani ya jamii na zamu ya kwenye foleni, kwa hiyo mwanafunzi hupewa maneno manne ya Kijapani yenye tafsiri moja na kuanza kuyachanganya. Ushauri wangu wa kwanza ni kuanzia kwenye Kiswahili, ambacho kimekwisha kuyatenga mambo hayo: amri ni meirei, oda ni chūmon, utulivu na utaratibu wa jamii ni chitsujo, na zamu ni junban. Ukiyashika hivyo, hutamwambia mhudumu wa mgahawa junban pale unapotaka kuagiza chakula.

Junban huhusu nani au nini kinatangulia na kipi kinafuata. Usilikariri peke yake, bali lishike pamoja na vitenzi vyake, kwa maana hivyo ndivyo utakavyolisikia: junban o matsu ni kusubiri zamu, junban o mamoru ni kuiheshimu, junban o kimeru ni kupanga nani aanze, jambo ambalo watoto wa Japani hulimaliza kwa mchezo wa mikono uitwao janken. Likifuatwa na kijineno cha Kijapani "ni", hueleza namna tendo linavyofanyika. Junban ni narande kudasai ni ombi kwamba watu wapange foleni kwa kufuatana, na mapokezi ya zahanati yanapokuambia junban ni o-yobi shimasu, maana yake mtaitwa mmoja baada ya mwingine, hivyo keti usubiri. Ukitaka kusema kwamba sasa ni zamu yako, kipande cha pili cha neno kinatosha: watashi no ban desu.

Matamshi yanastahili uangalifu, ingawa sisi tuna faida. N inayotangulia b hutamkwa m, kwa hiyo utasikia jumban, na ulimi wa Mswahili hufanya hivyo bila kufundishwa. Vilevile n hiyo huhesabiwa kama pigo kamili la sauti, sawa na m ya "mtu", na neno zima lina mapigo manne: ju-n-ba-n. Ugumu uko mwishoni, kwa kuwa tumezoea kufunga neno kwa irabu. Anayesema "jumbani" hufanya msikilizaji adhani ameongeza ni ya kisarufi.

Liko pia junjo (順序), jirani wa karibu sana, na hapa sipendi kutoa kanuni kali kwa sababu Wajapani wenyewe hubadilishana maneno haya mara nyingi. Kwa jumla junjo huelekea kwenye mfuatano wenye mantiki, kama hatua za kazi au hoja za insha, na lina sauti ya kimaandishi zaidi. Anayeanza atumie junban. Ataeleweka karibu popote. Kipande jun huungana na maneno mengine pia: senchakujun ni utaratibu wa anayewahi kupata kwanza, na kakijun ni mfuatano wa mistari unapoandika kanji, yaani herufi za Kijapani zenye asili ya Kichina. Herufi 順 yenyewe ina mistari 12, ukianza na mitatu ya kushoto.

Ukifika kazini, jiandae kulisikia neno hili katika lawama. Mfanyakazi aliyemjulisha mteja uamuzi kabla ya kumjulisha mkuu wake anaweza kuambiwa junban ga gyaku desu, yaani ametanguliza cha mwisho. Kinacholaumiwa hapo ni mfuatano tu, hata kama taarifa yenyewe ilikuwa sahihi kabisa, kwa hiyo omba radhi kwa kumruka mkuu wako badala ya kuanza kuitetea taarifa.