Shirika likifungiwa, wewe ndiye unayebaki

Mwandishi wa kigeni akinyang'anywa ithibati, yaani kibali cha kufanya kazi ya uandishi, hufungasha, akapanda ndege. Wewe uliyekuwa ukimtafutia watu wa kuhoji huna pa kwenda. Nimeyaandikia mashirika ya habari ya nje kwa miaka mingi kama mwandishi wa kujitegemea, na kwa anayeanza nina ushauri mmoja: jipange kabla amri haijatoka.

Amri ikitoka, isome yenyewe, usiishie kwenye kichwa cha habari. Ipo inayozima mawimbi tu, na ipo inayomgusa mtu. Burundi iliposimamisha BBC na VOA Mei 2018, kura ya maoni ikiwa imekaribia, lilionekana kuwa suala la redio. Machi 2019 BBC ikafutiwa leseni, VOA ikaongezewa adhabu bila kikomo, na mwandishi yeyote aliyeko nchini, raia au mgeni, akakatazwa kuzipa habari idhaa hizo, iwe moja kwa moja au kwa kuzunguka. Hapo amri imeshaingia kwenye simu yako. BBC iliruhusiwa tena 2022. Kwa anayelipwa habari kwa habari, muda huo ni wa kubadili kazi.

Wala usijifariji kwamba jina lako halitoki kwenye habari. China hairuhusu raia wake kuwa waandishi wa vyombo vya nje. Wanafanya kazi kama wasaidizi tu. Haze Fan, raia wa China aliyekuwa akifanyia kazi shirika la habari la Marekani, Bloomberg, alikamatwa Beijing Desemba 2020 na kuzuiliwa zaidi ya mwaka.

Kwa hiyo uliza mapema, kwa maandishi: nikikamatwa, wakili analipwa na nani? Nimpigie nani usiku? Ithibati yangu inasimama yenyewe au inakufa na ya shirika? Wahariri wengi watakujibu "tutaangalia likitokea". Shirika moja nililoliandikia liliposimamishwa, nilipokea barua tamu ya mshikamano. Malipo ya habari zilizokwisha kutoka niliyafuata kwa kudai na kudai. Usione haya kuuliza habari za fedha.

Jambo linaloninyima usingizi zaidi ni vyanzo. Mtu anayekubali kuzungumza na "mwandishi" huenda asikubali akijua sauti yake itasikika kwenye idhaa ambayo serikali imeikasirikia. Mwambie jina la chombo kabla hujawasha kinasa sauti. Akikataa, mshukuru uondoke, usimbembeleze. Usimhifadhi kwenye simu kwa jina lake, na mazungumzo yafute kazi ikiisha, si siku utakaposikia polisi wanakutafuta. Mhariri aliye mbali atakusukuma upate jina kamili na picha. Msimamo uwe wako, kwa sababu yeye hatakutana na familia ya huyo mtu sokoni.

Na tusijidanganye kwamba kufungia vyombo vya nje ni tabia ya serikali za Afrika peke yake. Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku RT na Sputnik, vyombo vya habari vya serikali ya Urusi, Machi 2022. Mwezi mmoja kabla, Urusi ilikuwa imeifunga ofisi ya DW, idhaa ya Ujerumani, mjini Moscow kujibu hatua ya Ujerumani dhidi ya RT. Kisha Machi 2025 wafanyakazi wa VOA wakapelekwa likizo na serikali yao wenyewe ya Marekani, idhaa zikanyamaza bila nchi yoyote ya ugenini kuzifungia. Ndiyo maana siku hizi siandikii chombo kimoja tu, na angalau kimoja kati ya hivyo huwa cha nyumbani, hata kama kinalipa kidogo.